Matambiko, Msikiti na Kanisa katika Nyanda za Kati

Katika nyanda za kati za Tanzania ibada ya jadi ilizunguka mvua. Kuanzia Busi na vilima vya Irangi wilayani Kondoa hadi mbuga za Ugogo kusini, mwaka una msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Sehemu kubwa ya Ugogo hupata milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na wiki tatu za jua kali mwezi Januari zinatosha kuunguza mtama uliokwisha chipua. Uislamu na Ukristo zilipopanda kutoka pwani katika karne ya 19, zilikuta watu wenye utaratibu wao wa zamani wa kuomba, kutubu, kuzika na kuwakumbuka waliotangulia. Wahubiri walidhani wanafuta utaratibu huo na kuandika upya. Kilichotokea ni kwamba mafundisho yalibadilika haraka kuliko matendo, na matendo hayo ndiyo yaliyoipa misikiti na makanisa ya huku sura yake.

Eneo lenyewe ni la mchanganyiko usio wa kawaida. Warangi na Wagogo husema lugha za Kibantu. Waalagwa, ambao majirani zao huwaita Wasi, pamoja na Waburunge, husema lugha za Kikushi. Wasandawe wana lugha ya vidoko isiyofanana na ya jirani yeyote. Lugha ziliwatenga, lakini ukame haukubagua, na ibada zao ziliingiliana kwa muda mrefu. Kwa wengi wao Mungu Muumba, ambaye Wagogo humwita Mulungu, alikuwapo ila alikuwa mbali. Waliokuwa karibu ni wafu wa ukoo, na hao ndio walioendewa kwa pombe ya nafaka na damu ya mnyama ili wapeleke maombi mbele.

Miongoni mwa Wagogo mhimili wa ibada alikuwa mtemi. Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu juu ya ng'ombe na undugu wa Wagogo mwaka 1969, alieleza kwamba mtemi hakuwa mfalme wa kutoza kodi na kuongoza majeshi. Alikuwa mlinzi wa nchi yake kiibada, mwenye kuhifadhi mawe ya mvua aliyorithi na kuwatuma wajumbe kwa waganga wa mbali mvua ilipokawia. Mnyama wa kuombea mvua alikuwa mweusi, rangi ya wingu lililojaa. Afya ya nchi nzima, ya watu, mifugo na mazao, iliitwa mbeho, na mbeho ilipoharibika, kosa lilitafutwa ndani ya jamii kabla ya kutafutwa kwingine.

Huko Kondoa sifa ya kuleta mvua walikuwa nayo hasa Waalagwa wa Kolo. Warangi, ambao leo ni wengi kuliko wao mara nyingi, waliwategemea. Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu linaonyesha watu waliozoea kuomba kupitia mtaalamu wa kabila jingine, mwenye lugha nyingine, mradi ibada yake ilete matokeo. Watu wa namna hiyo hawakushtuka alipotokea mgeni mwenye kitabu. Walimweka katika safu ya wataalamu waliokwisha kuwapo, wakasubiri waone.

Ushahidi wa zamani zaidi wa ibada katika eneo hili uko kwenye miamba. Kaskazini mwa mji wa Kondoa, kando ya barabara iendayo Arusha, kuna zaidi ya mapango 150 yenye michoro, na mwaka 2006 UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen aliyachunguza miaka ya 1930, na mwanaakiolojia Mary Leakey akanakili michoro mingi mwaka 1951. Michoro myekundu ya watu warefu wembamba, pofu na twiga huhusishwa na wawindaji wa kale. Mingi ya ile myeupe iliyochorwa juu yake huhusishwa na wakulima waliokuja baadaye. Wasandawe walikuwa na ngoma iitwayo simbo, ambamo wachezaji walipandwa na kuwa simba, na watafiti kama Eric ten Raa wameitumia ngoma hiyo kueleza baadhi ya michoro.

Pango la Mungomi wa Kolo halikuwahi kuwa makumbusho tu. Wenyeji wameendelea kupanda mlima huo kutambika, kuombea mvua na kutibu wagonjwa. Pombe humwagwa pale, na mbuzi huchinjwa. Wahifadhi hulalamika kwamba pombe inayorushwa ukutani huharibu rangi, na kwa upande wa kemia wana haki. Lakini UNESCO yenyewe, ilipoyapa mapango hadhi, ilitaja uhusiano wa kiibada kati ya wenyeji na miamba hiyo kuwa sehemu ya thamani yake. Wanaopanda kutambika si kundi lililojitenga na dini kubwa. Wilaya hii ni ya Waislamu wengi na Wakristo kiasi, na mtu yuleyule aweza kuwapo msikitini Ijumaa na mlimani mvua ikikawia.

Uislamu ulifika kwa misafara. Kondoa ilikua kuwa kituo cha biashara katika karne ya 19, na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walioishi pale walioa, wakafundisha na kuzikwa huko. Dini yao ilienea zaidi chini ya utawala wa Wajerumani na Waingereza, hadi Warangi walio wengi na takriban Waalagwa wote wakawa Waislamu. Ugogo haukuufuata kwa kiwango hicho. Rigby aliandika makala kuhusu suala hili mwaka 1966, akijaribu kueleza kwa nini watu waliopitiwa na njia kuu ya misafara kwa vizazi kadhaa waliupokea Uislamu kidogo hivyo.

Sababu mojawapo ya wepesi wa Kondoa ni kwamba Uislamu ulikuja na mambo yaliyokwisha kuwa na nafasi yake. Ulikuwa na tohara, na wavulana tayari walipitia jando. Ulikuwa na sadaka ya kuchinja na hitima kwa ajili ya marehemu. Na ulikuwa na sala ya kuomba mvua, istisqaa, inayosaliwa nje uwanjani, watu wakiwa wanyonge, imamu akigeuza nguo yake ya juu ndani nje ishara ya kutaka hali igeuke. Sala hiyo imetoka katika sunna ya Mtume, haikubuniwa Kondoa. Hata hivyo, mahali ambapo wazee walikuwa wakikusanya watu nje ya vijiji, wakachinja na kukiri makosa ili mbingu zifunguke, sala hiyo haikuhitaji maelezo marefu. Mnyama aliendelea kuchinjwa, sasa kwa jina la Mwenyezi Mungu, na nyama ikaliwa na jamaa wote palepale.

Kugeuza mambo ili hali igeuke kulijulikana pia Ugogo. Rigby alieleza ibada ya utakaso iliyofanywa mifugo ilipougua au nchi ilipopatwa na balaa: wanawake walivaa kiume, wakashika silaha za wanaume, wakaenda kuchunga ng'ombe, kazi ambayo kwa kawaida si yao, kisha wakacheza ngoma hadi mpakani wautupe uchafu nje ya nchi. Kwa siku chache wanaume hawakuwa na usemi. Hii ilikuwa ibada ya umma kamili, na viongozi wake walikuwa wanawake, jambo la kukumbukwa tunapofika kwenye kwaya.

Ukristo ulikuja kwa njia ileile ya misafara. Chama cha Kianglikana cha CMS, kikiwa njiani kuelekea Uganda, kilifungua kituo Mpwapwa mwaka 1876, kikakirudia kwa nguvu mwaka 1878. Mwaka 1927 iliundwa Dayosisi ya Central Tanganyika, askofu wake wa kwanza akiwa George Chambers kutoka Australia, na Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu mjini Dodoma likawekwa wakfu mwaka 1933. Upande wa Wakatoliki, kazi iliyoanzishwa na mashirika mengine ilikabidhiwa kwa Wapasionisti wa Italia katikati ya miaka ya 1930. Leo Kondoa ina dayosisi yake ya Kianglikana, iliyoundwa mwaka 2001, na jimbo lake Katoliki.

Kati ya kituo cha kwanza na askofu wa kwanza ilipita Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Ukame ukaongezea, kisha homa ya mafua ya 1918. Mwanahistoria Gregory Maddox anataja makadirio ya watu 30,000 waliokufa kati ya Wagogo 150,000. Hakuna mganga wa mvua angeweza kuzuia msako wa kijeshi, lakini mamlaka ya kiibada iliyoahidi kulinda nchi ilikuwa imeonekana hadharani ikishindwa. Misheni ilijengwa juu ya majivu hayo.

Sheria za CMS zilikuwa kali. Pombe ilikatazwa, ndoa ya wake wengi ilikatazwa, na ngoma, iwe ya jando, ya mavuno au ya mvua, ilihesabiwa ya kipagani. Huko Ukaguru, jirani upande wa mashariki, mwanaanthropolojia T. O. Beidelman alieleza jinsi marufuku hizo zilivyowagawa watu: waliozishika wakawa tabaka dogo la walimu na makarani, walio wengi wakahudhuria ibada mchana na kutambika gizani. Haikulazimika kuwa hivyo. Kusini mwa nchi, Masasi, Vincent Lucas wa misheni ya UMCA alianza kabla ya Vita vya Kwanza kulijenga upya jando ndani ya Kanisa: kambi ya porini ikabaki, tohara ikabaki, padri akaongeza mafundisho na baraka. Majaribio hayo yalipingwa na yana kasoro zake, ila yalitambua mapema kwamba mtu mzima huundwa na ibada za jamii yake. Dodoma ilichukua muda mrefu zaidi kulikubali hilo.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na Uamsho. Harakati hii ilitoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ikapita Uganda hadi nyanda za kati. Waliookoka walisimama mbele ya wenzao, wakataja dhambi zao kwa majina, wakalia, wakaimba. Viongozi wa Uamsho wangekasirika kuambiwa wanafanana na wapagani, maana waliyakataa matambiko kuliko wamisionari wenyewe. Lakini kukiri kosa hadharani ili jamii nzima ipone kulikuwa jambo ambalo mzee yeyote wa Ugogo angelielewa. Hapo awali Mwanglikana wa Dodoma alifundishwa kuungama kwa kusoma sala kitabuni, sauti ya chini, akiwa amepiga magoti.

Mlango wa pili ulikuwa muziki. Wagogo wana moja ya mila za uimbaji tajiri zaidi Afrika ya Mashariki: huimba sauti nyingi zinazolingana, wapo wapigao zeze na malimba, na ulimwengu ulizisikia sauti hizo kupitia Hukwe Zawose, mwanamuziki wa kijiji cha Doda aliyefariki mwaka 2003. Makanisani, kwa miongo mingi, watu hawa waliimba tenzi za Kiingereza na Kijerumani zilizotafsiriwa, maneno yakivutwa kufuata noti na mkazo ukiangukia silabi isiyo yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, uliruhusu lugha na ala za wenyeji upande wa Wakatoliki. Waanglikana walifuata polepole, mara nyingi waumini wakitangulia mbele ya maaskofu.

Muheme unaonyesha jinsi mambo yalivyokwenda. Asili yake ni ngoma ya wanawake iliyohusiana na unyago. Mpigaji huishika ngoma yenye kiuno chembamba katikati ya mapaja, huipiga kwa viganja, na wenzake humzunguka kwa shanga, njuga miguuni na mabega yanayotikisika. Kedmon Mapana, mtafiti aliyezaliwa Ugogo, alichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa mabadiliko ya muheme: ulitoka kwenye unyago ukaenda kwenye sherehe za serikali, majukwaa na ibada. Kanisani mashairi yalibadilishwa. Mapigo hayakubadilishwa, na wapigaji walibaki wanawake. Ndani ya jengo ambalo mwanamke hakuruhusiwa kusimama madhabahuni kama kasisi, ngoma ilimrudishia sehemu ya mamlaka aliyokuwa nayo bibi yake katika siku za utakaso. Waliolalamika kwamba ngoma inaleta vurugu kanisani walikuwa na jicho kali; waliona kwa usahihi kinachobadilika.

Neno nalo lilikuwa na mafundi wake. Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkatoliki, aliandika historia, mila na desturi za Wagogo, iliyochapishwa mwaka 1954, kisha akatunga utenzi wa Enjili na utenzi wa Zaburi. Utenzi ni bahari iliyokuzwa na Waislamu wa pwani kusimulia maisha ya Mtume na vita vya dini. Mnyampala hakuona ugumu wowote kuutumia kumsimulia Yesu, na ni yeye huyohuyo aliyeikuza ngonjera hadi ikaingia kila shule ya Tanzania. Padre Stephen Mlundi, miongoni mwa mapadri wa mwanzo wa Kigogo, naye alishughulikia uhusiano wa Kanisa na mila za Kigogo, na Maddox amemwandikia sura nzima.

Jumapili ya mavuno ni mahali pazuri pa kuona yote haya kwa pamoja. Waumini huingia na madebe ya mtama na uwele, karanga kwenye vitenge, kuku waliofungwa miguu, mara nyingine mbuzi au ndama anayevutwa kwa kamba hadi mlangoni. Kwaya hupokea kwa ngoma, vigelegele hupigwa, na baada ya ibada hufanyika mnada uani, ambapo jogoo mmoja aweza kununuliwa, kurudishwa na kuuzwa tena mara kadhaa kwa ajili ya paa la kanisa. Waanglikana wa Uingereza nao wana sikukuu ya mavuno. Yao haina jogoo.

Mambo ambayo makanisa hayakuyachukua yalibaki nje, na huko hayakufa. Magonjwa ya kupandwa na pepo yalikuwa ya mganga; wamisionari wa zamani waliyaita ushirikina na kuyaacha. Pengo hilo lilizibwa na Wapentekoste, waliokuja kwa wingi zaidi kuanzia miaka ya 1930 na 1940, wakikubali kwamba pepo yupo na kuahidi kumtoa. Hapa historia ya nyanda za kati inakutana na ya Marekani. Vuguvugu la Kipentekoste lilipata nguvu mwaka 1906 katika mtaa wa Azusa, Los Angeles, chini ya William Seymour, mtoto wa watumwa walioachwa huru huko Louisiana. Kupiga makofi, kuitikia mhubiri na kushukiwa na Roho hadi mwili utetemeke ni mambo ambayo watumwa waliyahifadhi kutoka Afrika.

Waafrika karibu 400,000 walishushwa moja kwa moja Amerika ya Kaskazini, walio wengi mno kutoka Afrika ya Magharibi, Kongo na Angola; wa kutoka upande wetu walikuwa wachache sana, kwani mateka wa pwani ya mashariki waliovuka Atlantiki walipelekwa zaidi Brazil na Karibi. Kwenye visiwa vya Georgia na South Carolina waumini weusi walicheza kwa kuzunguka kinyume cha mwendo wa saa, nyayo zikisota sakafuni bila kupishana, kwa sababu miguu ikipishana ingekuwa dansi, na dansi ilikatazwa. Kisiwani Sapelo, vitukuu wa Bilali Muhammad, mtumwa Mwislamu aliyeacha maandishi ya Kiarabu, walikumbuka mikate ya mchele iliyogawiwa watoto kama sadaka. Wasomi walibishana vikali juu ya kiasi cha Afrika kilichobaki. E. Franklin Frazier alishikilia kwamba utumwa ulifuta karibu kila kitu. Melville Herskovits, katika kitabu chake cha 1941, alishikilia kinyume. Albert Raboteau alipoandika kuhusu dini ya watumwa mwaka 1978 alionyesha kwamba miungu ya Afrika ilisahaulika Marekani ya Kaskazini, ila namna ya kuabudu ikadumu. Hitimisho hilo lingeweza kuandikwa juu ya Ugogo bila kubadilisha sana. Tofauti kubwa ni kwamba Ugogo wafu walikuwa bado wamezikwa karibu na nyumba, na mlima wa kutambikia ulikuwa bado unaonekana.

Muziki wa Tanzania nao ulivuka bahari, ila kwa njia nyingine. Walutheri wa Augustana, kanisa la Wamarekani wenye asili ya Sweden, walifanya kazi Singida, magharibi mwa Kondoa. Mmoja wao, Howard Olson, alijifunza lugha ya Wanyaturu kiasi cha kuiandikia tasnifu mwaka 1964. Alipokuwa mwalimu Makumira, chuo cha wachungaji karibu na Arusha, aliwahimiza wanafunzi waandike tenzi kwa tuni za makwao, akazikusanya katika kitabu Tumshangilie Mungu, kisha akazitafsiri. Mmoja wa wanafunzi hao, Bernard Kyamanywa kutoka Bukoba, aliandika mwaka 1966 wimbo wa Pasaka Mfurahini, Haleluya. Umo katika kitabu cha nyimbo ambacho Walutheri wa Marekani walikitoa mwaka 2006, na huimbwa kila Pasaka na watu wa Minnesota ambao hawajawahi kuiona ngoma.